Mchanga wa Kisima cha Noonkishu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunishinda kumeza. Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni mke mgeni katika boma hili la Kisaju, wakati lori la kwanza la mchanga lilipoteremka mtoni kwetu. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulinijia meno yote nje, ukaniambia kuna watu wanataka mawe ya kilima chetu na kwamba kesho mna mkutano. Kaa basi. Mimi sina haraka, na mawe hayaendi popote usiku wa leo.

Wewe mto umeukuta ukiwa korongo la mwamba. Zamani ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana, na mtu akiupita kiangazi angeapa hauna hata tone. Kumbe maji yalikuwa chini. Mvua ikinyesha mto ulijaa siku chache, kisha maji yakazama mchangani na kukaa humo yakitungoja. Kila familia ilikuwa na kisima chake humo, kimezungushiwa miiba, na siku yake ya kunywesha. Wanaume walisimama kisimani, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba, na ng'ombe walijua wimbo wa kwao. Jirani akiimba, wetu hawakusogea.

Kisima chetu kilichimbwa na babu wa mume wangu. Nilipoolewa, mama mkwe wangu, Noonkishu, alinipeleka kisimani kabla ya kunionyesha mahali pa kulala.

"Hii ndiyo boma," aliniambia. "Ile ingine ni ya kulala tu."

Sasa, yule mnunuzi mwenye lori alitoka Kitengela. Alikuja na sukari na majani ya chai, mtu wa adabu, akamsalimia kila mzee kwa ile "supa" aliyojifunza njiani. Wanaume wetu walikuwa wamekataa kuuza mashamba, na kwa hilo nawasifu mpaka leo, maana huko Kitengela ploti zilikuwa zinakatwa kama mkate.

"Shamba hatuuzi," mume wangu, Parmuat, alimwambia. "Hata ukuje na gunia ya pesa."

"Sitaki shamba, mzee wangu. Mimi nataka mchanga tu. Shamba ibaki yenu."

Wakatazamana. Mchanga! Ng'ombe gani anakula mchanga? Mfugaji akitazama ardhi huona nyasi, chumvi na kivuli; mchanga kwake ni mahali pa kupita. Walimwonea huruma yule mtu, wakadhani wamepata mjinga. Hilo ni kosa la watu wanaopenda ng'ombe, na mtu wa mjini asingelifanya.

Noonkishu alikuwa amesimama nyuma na birika la chai. Akauliza, "Na maji yetu inalala wapi?"

Mzee mmoja alimwambia chai inapoa.

Siwezi kukudanganya, tulishiba. Malori yalikuja mpaka barabara ikawa vumbi mchana kutwa. Kisaju palifunguliwa hoteli, bucha na baa, tena baa zilikuwa nyingi kuliko hoteli. Vijana walitupa vitabu wakashika sepetu, na mwalimu akabaki na wasichana na watoto wadogo. Sisi wanawake tuliokuwa tukipeleka maziwa Kitengela tuliacha. Nani aamke na kibuyu na hali mumewe anarudi na noti mfukoni? Mbuzi walipungua kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwachunga. Mambo yote, karo, sukari, mahari, matibabu, yakawa yanatoka mtoni. Na aliyekuwa na mto zaidi alianza kusemesha wenzake vibaya. Kamati ya kukusanya ushuru wa malori iliundwa, ikavunjwa, ikaundwa tena, na Parmuat na nduguye wa tumbo moja wakaacha kusalimiana kwa sababu ya nani akae pale langoni malori yalipolipia. Huku Nairobi maghorofa yakipanda kwa mchanga wetu, shule yetu ilibaki mabati yenye matundu. Hilo liliniuma, lakini nilinyamaza kama wengine.

Hatimaye wachimbaji walifika kwenye kona yetu ya mto. Parmuat alikuja kwa mama yake akiwa ameshalewa kidogo.

"Yeyo, nitakujengea nyumba ya mawe. Niko na pesa sasa."

"Nitakunywa mawe?"

"Kisima hawataguza. Wamekubali."

Noonkishu hakumwamini. Alichukua fimbo yake akaenda kukaa kando ya miiba, na kila asubuhi nilimpelekea uji hapo. Wapakiaji walikuwa watoto wetu wenyewe, waliomwita Koko, yaani bibi. Wakaona haya, wakachimba wakizunguka. Walichukua mchanga wa kushoto, wakachukua wa kulia, wakashuka mpaka mwamba ukaonekana, na kisima kikabaki peke yake katikati na miiba yake. Mama mkwe wangu alirudi nyumbani amechoka lakini anatabasamu. Alikuwa amekiokoa, alivyodhani yeye. Nami nilidhani hivyo.

Mvua ilipokuja mto haukuwa na kitu cha kuyashika maji. Yalipita yakinguruma kwa siku moja, yakaenda zao, na yakaondoka na kisima. Tulishuka asubuhi tukakuta miiba imenasa kwenye mti huko chini. Noonkishu alipiga magoti akakwaruza mwamba kwa kucha zake. Nilimwinua kwa nguvu, vidole vinatoka damu.

Halafu ukaja ule ukame mkubwa. Baa zilikuwa zimeshafungwa, maana mchanga ukiisha wanaokunywa pombe yake nao huisha, na bucha na hoteli zikafuata. Maziwa hatukuwa nayo ya kupeleka, mbuzi hatukuwa nao, na wale vijana hawakujua kazi nyingine ila sepetu. Ng'ombe waliteremka mtoni siku yao ya kunywa, kwa mazoea, wakasimama juu ya mwamba wakitusubiri tuimbe. Mwanangu, nimezika watu wengi, lakini sijaona kitu kilichonivunja moyo kama hicho.

Ndipo lori likarudi. Lori lilelile, dereva yuleyule, ila safari hii lilikuwa limebeba tangi.

"Supa, mama," aliniita. "Leo niko na maji. Leta mitungi."

"Unatoa wapi?"

"Kitengela, kwa mdosi. Amechimba kisima ya mashine kwa ploti yake."

Mdosi wake, yaani tajiri wake, ni yule wa sukari na majani ya chai. Parmuat aliuza ng'ombe mmoja ili awanunulie waliobaki maji, akauza tena, mpaka hakuwa na wa kuuza wala wa kunywesha. Baada ya hapo aliuza shamba, akabakiza boma hili tu. Lile shamba alilosema haliuzwi hata kwa gunia.

Nyumba aliijenga, hilo alitimiza. Humo ndimo Noonkishu alilala alipougua, kwenye kitanda kilichoegemea ukuta. Siku ya mwisho aliniomba maji ya kisima. Nilimpa ya mtungi, nikidhani hatajua. Alionja, akakisukuma kikombe.

"Hii ni ya kununua," alisema.

Kisha aligeuza mkono akaupapasa ukuta, mahali plasta ilipokuwa imetoka na punje za mchanga zinaonekana. Akamtazama mwanawe.

"Parmuat, mto yangu si hii hapa? Mbona haitoi maji?"

Mume wangu alitoka nje akalia kama mtoto. Noonkishu hakunywa tena.

Sasa nisikilize. Redioni nasikia nchi hii imepata mafuta, ile imepata dhahabu, watu wanacheza barabarani. Mimi huuliza kama Noonkishu: nini kinalala ndani ya hicho mnachotoa? Mkutanoni kesho, kabla ya bei, ulizeni mvua ya kilima hicho hushukia wapi na ni kina nani wanaoinywa. Mkikubali, msiache ng'ombe, msiache shule, msiache hata kuku, kwa sababu riziki ikitoka mlango mmoja, anayeufunga ndiye atakayekuamulia kama utakula. Sehemu ya fedha iwekeni kwenye kitu ambacho wajukuu watakikuta. Na mwanamke mwenye birika akiuliza swali, mjibuni. Usimwambie chai inapoa.

Enkai, Mungu wetu, akupe nyasi na mvua inayokaa. Akupe ndugu unayesalimiana naye. Akupe maji usiyoyanunua, na wanao wayakute hapohapo ulipoyaacha. Itikia "Naai", mwanangu. Kisha nimiminie kidogo kutoka kwenye mtungi ule wa lori, koo limenikauka.