Mizimu Ilipotaka Kuhamia kwa Hedimani

Enzi zetu kule Embu kulikuwa na msitu ambao hata mbuzi, wasioheshimu mtu, waliuzunguka kwa adabu. Ulikuwa msitu wa matambiko, ng'ambo ya Karurumo, na hakuna aliyevunja kijiti humo, hata cha kuchokolea meno. Hali ya Hatari ya mkoloni ilipokuja tukabomolewa nyumba, tukasukumwa katika kijiji kimoja chenye handaki na miiba pande zote, na vilima vikafyekwa hadi vikawa vipara. Wanyama nao wakakimbilia msituni. Mbega, hondohondo na nyuki walibanana kama sisi, ila wao walikuwa na matunda. Sisi tulikuwa na viroboto.

Hedimani wetu, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, tulimwita Kabuti, kwa sababu koti lake la kijeshi hakulivua hata jua liwake vipi. Siku moja mzungu, mkubwa wake wa serikali, akampa amri: msitu ukatwe, wapiganaji wa uhuru wasije wakajificha humo. Cucu, bibi yangu, alikosa raha kabisa. Chemchemi yetu ilitoka chini ya mikuyu ile, na mikuyu ikienda, maji nayo yangekwenda. Asubuhi ya kazi, wanawake wameshashika mapanga, akamsogelea Kabuti taratibu.

"Kata tu, kijana yangu. Lakini si unajua lazima kwanza tuhamishe mizimu iende mti ingine? Na mti kubwa imebaki ni ile yako tu, hapo kwa dirisha unalala."

"Mizimu yote?"

"Yote. Hata babu yako, yule alikuwa anakuchapa."

Kabuti akavua koti. Hapo ndipo tulipogundua kwamba shati lake halikuwa na mgongo, tukacheka mpaka tukafukuzwa. Jioni ile ile akamweleza mzungu kwamba msitu ukilindwa ni salama kuliko ukikatwa, na mzungu akakubali. Basi homugadi wawili, askari wa kijiji wa serikali, wakakaa pale na mikuki, wakilinda mikuyu isitoroke, huku mbega wakiwatupia maganda kichwani.

Siku hizi wajukuu wangu huenda pale kujipiga picha. Ndege akilia, wanapapasa mifuko wakidhani ni simu. Mimi hunywa maji ya chemchemi nikimkumbuka cucu tulipokuwa tukirudi kijijini siku ile. Alicheka njia nzima, halafu tulipofika kwenye handaki akasimama.

"Mizimu imeulizwa itahamia wapi," akasema. "Mimi sikuulizwa."

Msitu upo mpaka leo. Mahali nyumba ya zamani ya cucu iliposimama nimepatafuta sana, sijapaona.