Mjusi Aliyeshiba Mapengo

Nilipokuwa mtoto wa pengo, maana kuna utoto na kuna utoto wa pengo, nilipelekwa likizo kwa Babu na Bibi nikiwa na begi la nguo, mkate wa kuwapelekea wazee, na meno mawili ya mbele yanayocheza kama mlango usio na komeo. Tulikaa Itigi, baba akifanya kazi reli. Ukitoka kwetu unashuka njia panda ya Mkiwa, unasubiri gari la Ikungi, na ukifika Ikungi unabebwa na baiskeli hadi kijijini, kwenye mawe. Nasema kwenye mawe kwa sababu ndivyo palivyo. Kila nyumba imejibanza ubavuni mwa jiwe, na jua likishapanda, juu ya kila jiwe kuna mjusi anapiga pushapu.

Mimi mdomo wangu haukuwa na likizo. Babu aliniita Redio. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kila asubuhi baada ya uji alikaa kwenye kigoda mbele ya tembe, akasema, "Haya Redio, habari." Nami nikaanza: nani anapita, kavaa nini, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Habari zikiniishia nilitunga. Babu alijua natunga, na nadhani hizo ndizo alizozipenda zaidi.

Meno yangu yalitoka yote mawili siku moja, kwenye paja la jogoo aliyechinjwa kwa heshima yangu. Bibi akanitoa nje, akaniambia niyarushe juu ya paa la udongo nisigeuke nyuma. Nikarusha. Kisha akanishika kidevu.

"Sasa nisikilize, mke mwenzangu. Mpaka yaote mengine, mjusi asilione hilo pengo. Akiliona, ndiyo basi."

"Basi nini, Bibi?"

"Hayaoti."

Bibi alikuwa mtu wa masharti. Usikalie kinu, usifagie giza likiingia, usipige mluzi usiku. Masharti hayo yote niliyapokea kwa sikio moja yakatokea la pili. Hili halikutoka. Nilikuwa binti wa kupendeza, tena najijua, na nilijiona nimeshakuwa bibi harusi niliyefumba mdomo kwenye picha.

Nikauangalia ule uwanja. Mjusi kwenye jiwe la kuanikia mtama. Mjusi kwenye zizi. Ndani nako, ukutani juu ya kitanda, yule mweupe wa usiku. Nikafunga mdomo.

Kesho yake Bibi alikwenda kukata alizeti na mimi nikaachwa na Babu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasile mtama ulioanikwa kwenye jiwe. Jaribu wewe kufukuza kuku wa Singida umefumba mdomo. Kuku wale hawaogopi fimbo, wanaogopa sauti. Nilipunga, nilikanyaga, nilinguruma puani, wao wakanitazama kisha wakaendelea na chakula chao.

"Redio," Babu akaita, "mbona nasikia midomo ya kuku tu, yako siisikii?"

"Mm."

"Unaumwa?"

"Mm-mm."

Akacheka. "Betri zimeisha. Kaa juani kidogo zipate moto."

Juani! Walipo mijusi! Nikaenda kukaa kivulini, na Babu akabaki na kigoda chake. Hakuwa na habari yoyote ya dunia siku hiyo. Alasiri akaja rafiki yake, Mzee Hamisi, akasimama mbele yangu akisubiri haki yake. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja mdomoni, nikainamisha kichwa. Akasubiri. Mjusi alikuwa pale pale nyuma yake, kichwa chekundu, anatutazama wote wawili.

"Huyu mtoto vipi?" Mzee Hamisi akamuuliza Babu. "Shikamoo ameisahau kwenye gari?"

Nilimwona Babu anavyoona aibu. Iliniuma. Lakini shikamoo haisemeki bila kufungua mdomo, na meno ni meno.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Kwa Bibi nilinong'ona usiku chini ya shuka tu, na yeye, kwa uchovu wa shamba, alidhani nasinzia. Jioni ya siku ya tatu, jua bado liko kwenye mawe, Bibi ametua mzigo wake wa kuni, nikamsikia Babu akimwambia kwa sauti ya chini: "Mama, huyu mtoto amechoka na sisi. Hasemi na mimi. Uzee wetu unamchosha, na si kosa lake. Kesho gari la mnada likipita, tumrudishe kwao."

Aliyasema bila hasira. Angekuwa na hasira ningevumilia. Alikuwa anafuta macho yake yale yenye ukungu kwa kiganja, na hapo nikajua kwamba ninapoteza vyote viwili, likizo na Babu. Nikalia. Na kilio cha mtoto hakina kiganja mdomoni. Nililia kinywa wazi hadi kooni, na nilipofumbua macho, mjusi yule wa kichwa chekundu alikuwa juu ya jiwe, hatua chache tu, ananitazama kinywani.

"Ameliona!" nikapiga yowe. "Bibi, ameliona! Hayaoti tena!"

Bibi akashika kichwa. "Maskini wa Mungu! Kumbe ndiyo hiyo?" Akamweleza Babu kwa Kinyaturu, harakaharaka, na Babu akaanza kucheka mpaka kigoda kikatikisika. Kisha akaacha kucheka, maana mimi sikuwa nacheka. Akanyoosha mkono.

"Nipeleke alipo."

Nikamshika mkono, nikampeleka jiweni. Mjusi akarudi nyuma kidogo, akasimama. Babu akasema, "Hawa ukiwajulia hawana shida. Mjusi tumbo lake dogo. Akishiba pengo la mkubwa, la mdogo analitapika." Akainama, mkono mmoja kwenye fimbo, akaanza kupanua mdomo.

Babu hakuwa na meno ya mbele. Hilo nililijua siku zote. Lakini kwa akili yangu ya miaka ile niliamini kwamba naye yalikuwa yameng'oka tu, na kwamba anasubiri yaote, kama mimi. Nikamvuta shati.

"Babu, usimwonyeshe! Na yako hayataota!"

Alinigeuzia yale macho yake ya ukungu. Leo ningetoa kitu kikubwa kujua alichokuwa anafikiria. Akanipapasa kichwani, akasema, "Yangu yasiote, mke wangu. Yako yaote."

Akafungua kinywa chote. "Haya, bwana! Tazama! Kula ushibe!" Mjusi akapiga pushapu mara kadhaa, akakimbilia kwenye ufa wa jiwe. Bibi nyuma yetu alikuwa amekaa chini kabisa, anajifuta machozi kwa kanga, na sijui kama nimewahi kumwona akicheka vile.

"Ameshiba," Babu akasema. "Sasa, Redio. Nina njaa ya habari za siku tatu."

Niliongea mpaka ugali ukapoa. Nilimwambia hata habari za kuku, mmoja mmoja. Kesho yake tulikwenda kwa Mzee Hamisi nikampa shikamoo ya nguvu, na mate juu yake, kwa sababu ya pengo. Akaipokea.

Gari la mnada lilipita bila mimi. Na meno yangu yaliota, makubwa kuliko yalivyohitajika. Ya Babu hayakuota. Likizo baada ya likizo nilimchungulia mdomoni, na kila nilipokuta pale pale patupu nilisikia uchungu na mapenzi kwa pamoja. Nimeshakuwa binti mkubwa, nimesoma habari za meno darasani, ndipo nikaelewa, na hata baada ya kuelewa sikuweza kuuondoa ule ukweli wa kwanza. Tulimzika Babu hana meno ya mbele, na moyoni mwangu aliyatoa kwa ajili yangu.

Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu kijijini. Tembe haipo tena, ipo nyumba ya bati, lakini jiwe la mtama liko pale pale, na Bibi, mzee sana sasa, bado anagawa masharti. Asubuhi moja nikamkuta mwanangu amesimama karibu na jiwe, mikono yote miwili mdomoni, machozi yanamtoka. Juu ya jiwe, kichwa chekundu.

Nina pengo la gego nililong'olewa hospitali, halioti tena. Nikapiga magoti mbele ya jiwe, nikavuta shavu kwa kidole.

"Mama, usimwonyeshe!" akalia, akaning'ang'ania gauni. "Lako halitaota!"

Nilitaka kumjibu vizuri, kama nilivyojibiwa mimi, lakini kidole kilikuwa kimeshavuta shavu. Nikapanua mdomo tu, mjusi akatazama akashiba, na mtoto akanishika mkono njia nzima hadi kwa Bibi, akiongea.