King'ora Kilicholia Bila Mwizi

Kwa miaka thelathini na mmoja Gunnel Åström alichambua barua katika posta ya Härnösand, mji mdogo wa Sweden, akawajua watu wa mji kwa namba za nyumba zao kabla ya sura zao. Sasa alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, na kichwa hicho kilichobeba namba zote ndicho kilichoshukiwa kusahau.

Mwanawe Jörgen, aliyehamia mji wa mbali wa Göteborg, aliiagiza kampuni ya ulinzi imwekee king'ora cha wezi mwezi wa Oktoba. Kilitulia vizuri hadi Desemba, kisha kikalia mara tatu ndani ya wiki mbili, kila mara Gunnel akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Walinzi walikuja mbio, wakakuta hakuna mwizi wala dalili yake.

"Mama, umebonyeza vibaya tena," Jörgen alimwambia kwenye simu. "Kikilia mara nyingine nakuombea nafasi nyumba ya wazee. Nakupenda, lakini usingizi siupati."

Mapenzi mengine, jamani! Gunnel akaacha kwaya. Akitaka kwenda dukani aliandika namba ya siri kiganjani kwa kalamu, na akirudi aliisugua kwa sabuni. Kuhama kulimtisha, ila kilichomtisha zaidi ni kwamba alianza kumwamini mwanawe. Lisemwalo lipo, alijiambia.

Hatimaye kampuni ikamtuma fundi, mtu wa makamo aitwaye Sixten. Alikataa kahawa mpaka amalize kazi, na hilo likamtia Gunnel wasiwasi. Alipima betri, akapangusa kwa kitambaa kikavu vijicho vya ukutani vya kumnasa mwizi, vilivyoota utando wa buibui, kisha akasoma kumbukumbu za mashine.

"Mama Gunnel, nani kakwambia unabonyeza vibaya?"

"Mwanangu. Na mimi mwenyewe."

"Mashine haisemi hivyo, na hii inaandika kila kitu. Mara zote tatu umewasha sawasawa. Jicho la sebuleni ndilo lililopiga kelele, wewe ukiwa umeshaondoka."

"Basi nimefuga jini."

"Tutamwona huyo jini. Vaa koti, twende nje."

Wakawasha king'ora, wakafunga mlango, wakasimama kwenye theluji wakichungulia dirishani kama wezi wenyewe. Dakika kumi zikapita. Kisha hita ya chini ya dirisha ikapata moto, hewa ikapanda, na nyota ya karatasi ya Adventi, pambo la kungojea Krismasi lililoning'inia dirishani na balbu tumboni, ikaanza kujizungusha. King'ora kikalia mpaka kunguru wakaruka.

"Mwizi wako huyo!" Sixten akacheka. "Jicho linafuata joto linalotembea. Fundi wetu aliyelifunga Oktoba kalielekeza dirishani, kana kwamba Desemba haitafika!"

"Mtaa mzima una nyota madirishani!"

"Hata kwangu ipo. Aibu yetu hii, mama, si yako."

Alilielekeza jicho mlangoni, akaifunga nyota uzi isizunguke, akamtembeza Gunnel sebuleni ahakikishe kwamba mtu bado anaonekana. Akamwonyesha namna ya kulijaribu kila mwezi. Walipotoka tena na kungoja, nyumba ilinyamaza kabisa.

Ndipo Sixten akampigia Jörgen. "Mama yako hajakosea hata mara moja," alisema.

Jörgen akashusha sauti. "Naomba uniombee radhi kwake."

"Omba mwenyewe, huyu hapa."

Gunnel alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akamsamehe, akamwambia Jumatano asimpigie kwa kuwa atakuwa kwaya. Kisha akamimina kahawa, akashukuru, akashukuru tena.

"Kazi yenyewe ndogo, mama," Sixten alisema kwa haya. "Nimegeuza jicho tu."

"Wengine wote walinikagua mimi," Gunnel akasema. "Wewe umeikagua mashine."

Fundi akasogeza kikombe aongezewe.