Fundi wa Upande wa Kulia

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa suti, na watu humwita Sentimita. Jina hilo alijipa mwenyewe. Miaka yote amewadharau mafundi wenzake, na mtu akipita dukani na koti lililomkaa vibaya, humsimamisha na kumpa pole.

Mwaka huu alipasuliwa moyo, akabadilishwa vali. Moyo ukapona vizuri, ila damu iliyoganda ilipanda kichwani, akazinduka akiwa ameusahau upande wa kushoto. Daktari alitueleza kwamba macho ni mazima. Ubongo ndio umeacha kushughulika na chochote kilicho kushoto. Sentimita akasema daktari hajui kazi. Akawa ananyoa nusu ya ndevu, anakula nusu ya sahani, kisha anamlalamikia dada kwamba siku hizi anampunja. Dada anaizungusha sahani, naye anamalizia huku amenuna.

Familia nzima tukajifanya hatuoni. Tulimwogopa, huo ndio ukweli. Akarudi dukani na mkasi wake, akawa anashona makoti ya upande mmoja, na kila alipokwenda kujinyoosha mchana, dada alimalizia upande wa pili kimyakimya. Wateja wakasifu. Sentimita akavimba kichwa, akazidi kutangaza kwamba mkewe hawezi hata kushikiza kifungo.

Hapo dada akachoka. Koti la mwalimu mkuu mstaafu akaliacha lilivyo.

Mwalimu akalivaa mbele ya kioo, mimi na dada tukiwa pale dukani, mkono wa kulia ndani ya koti, wa kushoto nje na shati lake. Sentimita, aliyesimama nyuma yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema limekaa sawasawa. Mwalimu, ambaye wanafunzi walimwogopa miaka mingi, hakuthubutu kumbishia. Aligeuka tu taratibu, wakatazamana, na bega lililo wazi likaja kulia kwa fundi.

Sentimita akauliza nani ameharibu kazi yake.

"Hakuna aliyeharibu," dada akasema. "Tangu utoke hospitali, nusu ya kila koti nashona mimi."

Nilisubiri matusi. Badala yake alikaa, akaanza kumtafuta dada kwa macho, na dada alikuwa amesimama papo hapo, kushoto kwake. Roho iliniuma.

"Njoo huku kulia," akamwambia. "Nikuone."

Dada akazunguka. Sentimita akamtazama kitambo, akamkabidhi mkasi, kisha akamwambia mishono yake imepinda.