Wa Kuitikia

Mama Mawe, kama wanavyomwita wenzake pale makumbusho, haanzi kazi kabla hajaamkia. Hufuta miwani kwa upindo wa gauni, huvuta droo ya kwanza, huinamia jani lililogeuka jiwe. "Shikamoo." Kisha, kwa sauti nzito ya kizee, hujiitikia mwenyewe: "Marahaba!" Umri ni umri, husema, na jani la mamilioni ya miaka si rika lako. Kidole chake kinene hupita ukingoni mwa jani: likiwa laini, enzi zile zilikuwa za joto, likiwa na meno kama msumeno, palikuwa na baridi. Hata mboga za sokoni huzipapasa hivyo, mpaka wauzaji humwuliza ananunua au anatibu.

Asubuhi moja mkuu wa makumbusho, aliyemzidi kwa cheo tu, alikuja kutafuta nafasi ya viti vya wageni. Akavuta droo ya chini.

"Mama, mawe haya hayana hata jani. Tunayatupa leo."

Mama Mawe akaweka kiganja juu ya mawe. "Yaamkie kwanza, baba."

Mkuu akacheka, akainama. "Shikamoo." Akaingoja ile sauti ya kizee inayojulikana jengo zima. Kimya. Akaongeza sauti. "Shikamoo!" Kimya.

"Mbona hayaitiki?"

"Haya ni ya enzi iliyofuata ile ya majani ya droo ya juu, baba. Joto lilizidi, msitu wote ukafa. Hakubaki wa kuitikia."

Mkuu akairudisha droo kwa mikono miwili. Viti vya wageni sasa vimejazana ofisini kwake, naye huingia ubavuubavu.