Yakobo, Fundi Saa wa Kakoba, na Sarafu ya Baba Yake

Mniwie radhi, ndugu na marafiki, kwa kuwaletea msiba mahali ambapo wengine huja kupumzika. Mkono wangu bado unakataa kuandika neno "marehemu" mbele ya jina la Yakobo. Juzi tulimzika hapa kambini Nakivale, na leo asubuhi nilivaa viatu ili nimtembelee.

Wengi wenu wa Mbarara mlimjua kama fundi saa wa Kakoba, mwenye meza ndogo na lenzi iliyobanwa jichoni. Sisi tuliotoka naye milima ya Kivu ya Kusini tulimjua kwa jambo jingine, na ni kwa ajili ya hilo naandika.

Baba yake alikuwa mtunza nyumba ya misheni kijijini kwetu. Mmisionari Mmarekani alipokuwa anarudi kwao, alimwachia sarafu kubwa ya fedha ya katikati ya karne ya kumi na tisa: mwanamke ameketi, nyota zimemzunguka. Haukupita muda mrefu, malisho ya kijiji yakachukuliwa na wenye shamba kubwa. Watu waliiona ile sarafu, wakaunganisha mambo mawili: hiyo ndiyo bei ya malisho. Tangu hapo Yakobo aliitwa mtoto wa feza, yaani wa fedha.

Jina hilo lilivuka mpaka pamoja nasi.

Yakobo aliamini kwamba sarafu ile haikuwa fedha ya malipo. Ilikuwa ya zile ambazo watunzaji wa sarafu huziita "proof": zilipigwa chapa kwa uangalifu, kwa mihuri iliyong'arishwa hadi ikawa kama kioo, kwa ajili ya zawadi na kumbukumbu, si kwa ajili ya soko.

"Nani atanunua malisho kwa kitu kama hiki?" aliniuliza. "Wale walilipa kwa faranga. Hii ilitoka katika sanduku la mzungu mwenyewe."

Kama angeweza kulithibitisha hilo, ingejulikana kwamba baba yake alipewa zawadi tu, wala hakuuza malisho ya watu.

Taabu ilitoka kwa mama yake. Kila Krismasi aliisugua kwa majivu, kama alivyosugua masufuria, ili ing'ae kwa heshima ya mumewe. Basi hapakuwa na mtu wa kusema kwa hakika kama mng'ao ule ni wa kiwandani au ni wa majivu.

"Mama alipenda baba mingi," Yakobo alisema, "akafuta ushahidi wake."

Siku ya kwanza aliponionyesha, niliishika kwa kidole juu ya uso wake.

"Mwalimu, ondoa kidole. Hii si ugali."

Akanifundisha kuishika kwa ukingo, akaniwekea lenzi. "Mikwaruzo ya majivu imechimbika. Sasa tazama hapa katikati ya nyota, fasi ndogo ambapo kitambaa hakiingii. Mistari imeinuka. Majivu hayawezi kuinua feza. Hiyo ni alama ya kung'arishwa kwa muhuri wenyewe." Nilitazama hadi jicho likatoka machozi, nikaiona.

Aliwaandikia watunzaji wa Marekani kutoka kafe ya intaneti pale mjini. Wakamjibu kwa adabu kwamba picha zinatia matumaini, ila ni lazima sarafu yenyewe ifike mikononi mwao. Nilimsindikiza posta. Alisimama mbele ya dirisha, sarafu ikiwa ndani ya pamba, kisha akageuka.

"Ikipotea njiani, Mwalimu, watasema nimeuza na mimi."

Mke wangu alipofariki, wengi walinifariji kwa maneno, nami nawashukuru. Yakobo alikuja nyumbani kwangu. Aliichukua saa ya mkono ya mke wangu mezani, akaijaza ufunguo, akairudisha. Akawa anafanya hivyo kila alipokuja.

Baada ya ile siku ya posta, alibaki na hakimu mmoja tu: Mama Nabintu, mkubwa wetu kwa umri, ambaye ndiye aliyelitoa lile jina. Kila baada ya ibada alimwendea na lenzi.

"Mama, angalia tu."

"Siangalii. Feza ni feza."

"Jicho moja tu, mama."

"Na hilo moja likikufa, utalitengeneza kama saa?"

Watu walicheka. Yakobo naye alicheka, kisha akaifunga lenzi katika leso. Jumapili iliyofuata alikwenda tena.

Juzi, udongo ukiwa bado mbichi, Mama Nabintu alimwomba binti wa Yakobo ile lenzi na ile sarafu. Akageukia jua. Alitazama muda mrefu, kwa jicho moja, kisha kwa lingine.

"Imeinuka," alisema.

Akatutazama sote. "Sasa juu ya nini hakunionyesha, kwa sababu gani?"

Binti alinyoosha kiganja, akaipokea sarafu kwa ukingo. Mimi nilimshika mkono mama mzee, tukaondoka kando ya kaburi.

Ndugu yangu Yakobo, uniwie radhi kwa kusema mbele za watu jambo ulilolibeba kimya. Binti yako ameirudisha sarafu katika pamba yake, nami nimemsihi asiisugue kamwe. Saa ya mke wangu imesimama. Nilizoea kukungoja wewe uijaze.

Lala sasa, rafiki yangu. Ameangalia.