Pamba, jiwe na makofi ya mume wangu

Leo nimeporwa mume kwa bonge la pamba.

Tulikuwa uani hapa Bariadi na mume wangu, nashindilia pamba kwenye magunia kabla lori la kampuni halijafika. Mpangaji wetu, binti anayefundisha fizikia, akasema jiwe na pamba ukiviachia pamoja vinafika chini pamoja, maana dunia inaviangusha kwa kasi moja.

Nikaviachia. Jiwe likatangulia, pamba ikabaki inapepea.

Nikacheka.

"Mama Masanja, hewa ndiyo inaichelewesha," akasema. Akachomoa bonge kwenye gunia nililoshindilia mimi, limegandamana kama tofali, akaliachia na jiwe.

Vikatua pamoja.

Baba Masanja akampigia makofi, meno yote nje.

Jamani, tangu tuoane nashindilia pamba yake kwa miguu hii. Mimi nilipigiwa makofi lini?